Bastola ya "Zelewski": wiki moja Tukuyu, Iringa na kurudi

Jumatatu, Mbeya mpaka Tukuyu

Nimetoka Mwanjelwa saa moja kasoro, Noah imejaa mpaka konda anafunga mlango kwa goti, mfuko wangu nimeukumbatia kama mtoto. Ndani kuna lenzi ya fundi saa, vernia ya kupimia, tochi, mswaki mpya, kichupa cha mafuta ya cherehani, penseli na makaratasi ya ndani ya pakiti za sigara, yale ya fedha. Mi ni fundi wa kukereza vyuma, mwaka wa 19 huu niko kwenye mashine, bastola za zamani ni ugonjwa tu ulionipata nikiwa mtu mzima. Silaha sina na sitaki kuwa nayo. Napenda kuangalia jinsi chuma kilivyofanyiwa kazi, basi.

Shemeji ndo aliniita. Kuna mzee huku juu ya Tukuyu, ukoo wa mke wangu kwa mbali, ana bastola ya Mjerumani iliyokaa darini tangu enzi za babu yake, na katokea dalali anasema ni ya Zelewski mwenyewe, yule kamanda wa Kijerumani aliyeuliwa na Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kuna mzungu Dar atatoa milioni 40. Nikamwambia shemeji nakuja kwa sharti moja, mtendaji wa kijiji awepo. Bastola ni bastola hata iwe na kutu ya miaka mia, sheria ya silaha ya 2015 haikupi nafasi ya kusema nilirithi kwa babu. Shemeji akaguna ila akakubali.

Uyole baridi, Isongole ukungu, ukifika Kiwira mvua inakusubiri kama mgeni wake. Nimefika nimelowa, bibi akaniwekea ndizi na mtindi, nikasema ndaga, yaani asante, mara tatu ndo akaacha kunijazia sahani.

Ikaletwa. Imefungwa kwenye kipande cha khanga, ndani ya mfuko wa rambo, ndani ya kikapu. Kitu cha kwanza siyo kusoma maandishi, kitu cha kwanza ni kujua kama ina risasi, na hii naisema kwa sababu dalali alivyoishika alinielekezea mimi tumboni. Nikaichukua, nikafungua kile kimlango cha upande wa kulia, nikazungusha silinda tundu moja moja huku namulika. Tundu zote 6 tupu. Mtutuni nyigu walishajenga, udongo mgumu kabisa, nao nikauacha hivohivo maana huo pia ni ushahidi: nyigu hajengi kwenye bunduki inayotumika kila siku.

Halafu nikakaa kimya kama nusu saa. Dalali anaongea, mi nageuza.

Umbo lake lilinipa jibu mapema. Ni Reichsrevolver, rivolva ya jeshi la Kijerumani, ya mwaka 1883, ile fupi. Wajerumani walikuwa na mbili, ya 1879 yenye mtutu mrefu wa sentimita 18 hivi, na hii ya 1883 ambayo mtutu wake ni kama 12. Zote risasi yake milimita 10.6, zote unavuta nyundo kwa dole gumba kila unapotaka kupiga, na zote kushoto zina kizuizi kidogo cha usalama, kitu ambacho kwenye rivolva ni nadra sana kukikuta. Halafu hazina kifaa cha kutolea maganda, unayasukuma kwa kijiti moja moja kupitia kimlango, wewe fikiria unafanya hivo mtu anakuja na mkuki. Tukaipima kwenye mizani ya maharage ya bibi, haikufika kilo. Sawa kabisa na inavyotakiwa.

Kwahiyo siyo ya kuchonga gereji. Hilo nililiona hata kwenye skrubu, mfereji wake mwembamba na umenyooka, na nilivyotoa kibao kimoja cha mpini nikakuta chini yake chuma kina rangi nyeusi ya kahawia, ngumu, imetulia, siyo ile kutu ya machungwa inayobaki kwenye kidole. Kutu ya kulazimisha, ya chumvi au maji ya betri, huwa imekaa sawasawa kila mahali. Kutu ya kweli inachagua. Inapenda kwenye unyevu wa kiganja, inakwepa mahali palipokaa mafuta, na kwenye kona zilizosuguliwa na mkoba wa ngozi unakuta chuma cheupe laini.

Namba zikaniambia jingine. Fremu na mtutu zina namba moja, silinda ina yake tofauti. Dalali akaruka, unaona, basi feki! Nikamwambia hapana braza, hizo zilikuwa za jeshi, askari wanasafisha bunduki pamoja, silinda zinachanganyika, mwingine imepasuka anapewa ya stoo. Kwa mnunuzi inashusha bei kweli, ila haifanyi kitu kuwa cha uongo.

Shida ilikuwa nyuma ya mpini. Pale imepigwa maandishi kwa herufi kubwa:

ZELEWISKI LUGALO 1891

Nikaiweka chini ya lenzi na nikajikuta nacheka, mzee akaniangalia vibaya nikaomba radhi. Ona sasa. Kwanza jina limeandikwa kama tunavyolitamka sisi, Mjerumani anaandika Zelewski. Pili, yule bwana alifia Lugalo, yaani alijiandikia mahali pa kufia kabla hajafika? Dalali akasema waliandika Wahehe waliomuua. Haya, jibu zuri, nikalipa heshima yake. Ila chuma hakina ubishi wa mdomo. Chuma cha zamani kina vishimo vya kutu, vidogo kama kitobo cha sindano. Herufi ingekuwa ya zamani, kutu ingeila na yenyewe, kingo zake zingekuwa zimetafunwa. Hizi herufi zimepigwa juu ya vishimo, zimevisaga, na ukingoni chuma kimevimba kikapanda juu kama udongo pembeni ya unyayo, na ule uvimbe ni mkali bado, ukipitisha ukucha unakwaruza. Uvimbe wa miaka 130 ungekuwa umeshalambwa na viganja. Ndani ya herufi wamepaka kitu cheusi. Nikachovya mswaki kwenye mafuta nikasugua Z taratibu, chini yake chuma kinang'aa kama sarafu.

Kitu kimoja nilikiona nikakiandika tu kwenye daftari bila kukiwaza. Kuna L tatu kwenye maandishi yale, na zote tatu mkia wake umekatika katikati.

Bado kulikuwa na mhuri wa kweli, kushoto kwenye fremu. Taji dogo, chini yake ERFURT, kiwanda cha serikali ya Prussia, na chini yake mwaka. Hapo kutu ilikula hasa. 18, halafu kitu, halafu 3. 1883 au 1893? Ikiwa 1883 dalali ana pa kupumulia. Ikiwa 1893, bastola ilizaliwa miaka miwili baada ya Zelewski kuzikwa. Nikapiga picha kwa tochi ya kulia, ya kushoto, ya chini, mwanga ukilala chuma kinasema zaidi kuliko ukikimulika usoni. Nikaweka ile karatasi ya fedha juu ya mhuri, nikasugua kwa kifutio cha penseli mpaka ikachukua umbo. Kwa macho yangu jioni ile sikuona kitu, umeme nao ulishakatika.

Sikumwambia mtu. Nikaomba isiguswe, isisuguliwe, hasa yule mjukuu mwenye msasa mkononi nikamwambia ukiipitishia huo msasa umeua. Msasa unafuta mihuri, unavunja kona, unaacha chuma kimeng'aa kama kijiko, na ukishafanya hivo hamna fundi wa kukurudishia.

Mtendaji akachukua maelezo, akasema Jumamosi wote kituo cha polisi. Dalali akakumbuka ana safari.

Jumanne, barabarani

Nilikuwa na shafti ya msumeno ya mteja Mafinga, nauli kalipa yeye, ndo nikaunganisha mpaka Iringa. Chimala, Igawa, Makambako na upepo wake, kwenye mizani tumekaa karibu saa nzima.

Jirani yangu kwenye kiti, baba mmoja anauza mbao, akaona naangalia picha kwenye simu, akasema mbona hata mi ninayo picha ya bastola ya Mwingereza, rafiki yake anataka kununua. Akanionyesha. Webley Mark VI, upande wa kulia mwaka 1918, na chini taji lenye herufi VR, yaani mhuri wa Malkia Victoria. Nikamuuliza Malkia Victoria alifariki lini. Hajui. Januari 1901. Na Mark VI yenyewe jeshi la Uingereza lilianza kuitumia 1915. Sasa nani alimpigia malkia mhuri miaka 17 baada ya kufa? Nikamkuzia picha, N ya kwenye maandishi ya pembeni imegeuzwa, mstari wake wa kati umelala kinyume. Hizo kuna mafundi mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, Darra Adam Khel, wana miaka zaidi ya mia wanatengeneza kwa mkono nakala za bunduki za Waingereza, na fundi asiyesoma Kiingereza herufi kwake ni mchoro tu. Mikono yao nawaheshimu, kwa tupa na vaisi mtu anatoa bastola nzima. Ila ya serikali siyo. Na kuipiga risasi ya kweli ni kuchezea vidole vyako.

Akapiga simu palepale, kwa sauti, gari zima likajua.

Jumatano, Iringa

Kamwene, kamwene, ndo salamu ya Kihehe, chai nzito, baridi ya Iringa siku hizi imezidi au mi nazeeka.

Asubuhi nimepita Boma. Jengo la Mjerumani la 1914, lilijengwa liwe hospitali, likaja kuwa ofisi za serikali, tangu 2016 ni makumbusho. Nimezunguka kwa raha, ukuta mnene, kuna mambo ya mila za mkoa mzima. Siyo lazima uwe na ugonjwa wangu ndo uingie.

Mchana kijana mmoja mjini, anauza vinyago na vitu vya kale kwa watalii, akanitolea kwa siri "bastola ya Mwarabu ya biashara ya utumwa", ya kushindilia baruti kwa mbele, gobori la mkononi tuseme. Shaba imepakwa kijani, mbao imechomwa kidogo, pembeni imeandikwa TOWER na taji. Laki 8. Nikaigeuza mara moja tu. Skrubu ya kitasa ina kichwa cha msalaba, kile cha bisibisi ya nyota, kitu kilichoingia sokoni miaka ya 1930. Tundu la kupitishia moto halijatobolewa, ni kidoa cha nukta. Mstari wa kalibu umepita katikati ya mpini wa shaba toka juu mpaka chini, hata tupa hawakupitisha. Ni pambo la ukutani hilo. Nikamwambia uza kama pambo, elfu 40, hutapata kesi na hutapata laana. Akanuna akairudisha kwenye boksi lake, ndani ya boksi nikaona nyingine tano zinazofanana.

Usiku gesti, taa nzuri, nikatoa karatasi yangu ya fedha. Nikailaza juu ya kioo cha simu, nikawasha tochi kwa pembeni. Tarakimu ya tatu. Duara la juu limefunga, sawa, 8 na 9 zote zinafunga juu. Chini kushoto ndo penyewe. Ingekuwa 8 kungekuwa na ukuta wa duara la chini. Nikaangalia mpaka machozi, nikageuza karatasi nikasoma kwa nyuma, nikafungua zile picha tatu nikaziweka sambamba. Kushoto hamna ukuta. Kuna shimo la kutu, lakini limekaa nje ya mstari, na mkia unashuka kulia halafu unapinda.

1893.

Nikalala kama mtu aliyelipwa deni.

Alhamisi, Kalenga na Lugalo

Bodaboda mpaka Kalenga, kilomita kama 15. Ngome ya Mkwawa ilikuwa hapa, Wajerumani waliipiga mizinga wakaiteka Oktoba 1894, yeye akakimbilia porini akawasumbua miaka karibu minne zaidi mpaka alipojipiga risasi Julai 1898 asikamatwe. Fuvu lake liko pale kwenye kioo. Nililiona nikiwa shule ya msingi, safari hii nimelitazama kwa jicho jingine, kwa sababu nalo lilipitia mambo haya haya ninayoyahangaikia mimi. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulisema Wajerumani walirudishe, wakasema hawalioni. Miaka ikapita, gavana wa Tanganyika, Twining, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, mafuvu yamejaa kwenye makabati, ikabidi yapimwe upana na urefu, yalinganishwe na vipimo vya ndugu wa Mkwawa, na liangaliwe lenye tundu la risasi. Hilo ndilo lililorudi, tarehe 19 Juni 1954. Wapo wanaotia shaka mpaka kesho. Mi nilisimama pale nikajiuliza, bila vile vipimo vya ndugu na bila lile tundu wangejuaje. Mlinzi akadhani nasali akaniacha.

Mchana Lugalo, nje ya mji kwa barabara ya Dar. Mnara uko kando ya barabara, malori yanapita hayaangalii. Zelewski, watu walimpa jina la Nyundo, alikuja na askari mamia, wakavamiwa wakiwa kwenye foleni nyembamba bunduki nyingi hata hazijajazwa, dakika chache imekwisha, Wajerumani 10 na askari zaidi ya 200 chini. Wahehe walichukua kama bunduki 300 na mizinga. Kwahiyo silaha kutoka Lugalo kubaki kwa watu siyo ndoto, na hapo ndo dalali anapopata nguvu, uongo wake umeegemea kitu cha kweli. Ila hiyo ya Tukuyu haikuwepo. Ilikuwa bado haijafuliwa.

Ijumaa

Basi limeharibika Igawa, masaa manne tumekaa chini ya mwembe. Hamna la kuandika. Mahindi ya kuchoma yalikuwa mabovu.

Jumamosi, Tukuyu tena

Dalali hakuja. Mtendaji, mzee, mjukuu, shemeji na mimi, tukakaa kwanza nyumbani. Nikaeleza yote, mwaka, herufi, vishimo. Mjukuu akainamisha kichwa. Kumbe ye ndo alimpa dalali bastola wiki mbili mwezi wa tatu, "akaionyeshe kwa mtaalamu Mbeya," ilivyorudi ikawa na maandishi, akaambiwa yalikuwepo siku zote yamesafishwa tu.

Mzee alikaa muda, halafu akasema kitu ambacho siku ya kwanza hakuna aliyemuuliza, hata mimi, na hilo limeniuma. Babu yake alikuwa tengatenga, mbeba mizigo wa jeshi. Waingereza wa jenerali Northey walipovuka mpaka Mei 1916, vita ya kwanza ya dunia, wakaja kuichukua Neu Langenburg, ndo Tukuyu hii, waliwakusanya watu wa kubeba mizigo, babu akabebeshwa kutoka hapa kwenda Njombe, kwenda Iringa, chakula hamna, wenzake wengi hawakurudi. Bastola aliokota kwenye nyumba moja ya Mjerumani aliyekimbia, siku ya kwanza kabisa, akaificha kwenye shimo la choo kipya. Alitegemea kuiuza apate ng'ombe. Akaogopa. Mpaka amekufa.

Sasa hiyo inakaa. Rivolva ya 1893, ya kizamani, jeshi lilishakuwa na silaha mpya zaidi, vita vikaanza wakatoa hata za stoo wakawapa watu wa akiba na walowezi, mmoja anaikimbia, tengatenga anaiokota, inakaa shimoni kabla ya kupanda darini, ndo maana kutu imekula upande mmoja tu, ule uliolalia chini. Upande ule ule wa mhuri wa mwaka. Nikaifungua tena khanga nikamwonyesha mzee mstari unapoanzia, chuma kizima juu, kilicholiwa chini. Akaupitisha kidole.

Akauliza hayo maandishi yanafutika? Nikamwambia yanafutika, ila utafuta na ngozi yake. Aache.

Kituoni wametupokea vizuri, wakaandika, wakatupa karatasi. Tumeomba ipelekwe kwa watu wa makumbusho, na mi nimeandika kurasa mbili za maelezo na hadithi ya tengatenga yote kama mzee alivyoisema, na picha, na ile karatasi ya fedha nimeibandika kwa selotepu. Milioni 40 hamna. Bibi akanifungia parachichi za kuondokea.

Jumapili, karakana

Sikutakiwa kufungua leo. Nimekuja tu kurudisha vernia mahali pake.

Kwenye rafu ya juu kuna boksi langu la herufi za kupigia chuma, A mpaka Z na tarakimu, nililinunua zamani kutoka kwa fundi aliyestaafu wa reli. Nimelishusha, nimetoa L, nimeipuliza vumbi, nimeiweka juu ya kipande cha bati nikapiga nyundo mara moja.

Mkia umekatika katikati.

Mwezi wa tatu alikuja jamaa kuazima, kofia imeshushwa usoni, anataka kupiga jina la kikundi chao kwenye majembe. Siku mbili, elfu 5. Hakunilipa.